VPN ya ofisi: inalinda nini, na inaishia wapi

Swali: Taasisi yetu ina watumishi wapatao 60, na karibu theluthi yao hufanya kazi nje ya ofisi. Mfumo wa hesabu na mafaili yote yako kwenye seva mbili zilizopo ofisini. Kwa sasa walio nje huingia kwa RDP, huduma ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali nayo: fundi wa zamani alifungua poti (mlango wa mawasiliano) kwenye ruta, mtu anaandika anwani ya ofisi, jina na nywila, kisha anaiona skrini ya seva. Fundi mpya anasema huo ni uzembe, tuweke VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Mkurugenzi anasema VPN anayo kwenye simu yake, ile ya kulipia kwa mwezi, tuwanunulie watu wote. VPN hasa inalinda nini? Na tukishaiweka, tutakuwa tumemaliza?

Jibu: Ndugu, fundi wenu mpya yuko sahihi, na kabla hujamaliza kusoma hapa mwambie aifunge hiyo poti. RDP husikiliza kwenye poti 3389, na zipo programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana, zikigonga anwani moja baada ya nyingine kutafuta iliyo wazi. Hazijui ninyi ni nani, wala hazina haja ya kujua. Zikiipata, huanza kubahatisha nywila. Wakati mwingine hata nywila haihitajiki: Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka (sahihisho la programu) cha udhaifu uliopewa jina la BlueKeep, uliomwezesha mtu kuendesha programu yake ndani ya mashine kupitia huduma hiyohiyo bila kuingia kwa jina la yeyote. Ndiyo, watu wenu walio nje watakwama siku chache mpaka VPN iwe tayari. Afadhali wakwame wao kuliko seva.

Sasa suala la mkurugenzi. VPN ya kwenye simu yake na VPN ya ofisi ni ndugu wa teknolojia moja, ila zinaelekea kusiko sawa. Ile ya kulipia kwa mwezi inachukua mawasiliano ya simu yake, inayafunga, inayapeleka hadi kwenye seva ya kampuni iliyomuuzia, halafu yanatoka pale kwenda kwenye intaneti ya watu wote. Anachopata ni kwamba mwenye Wi-Fi aliyoitumia haoni anatembelea nini, na tovuti inaona anwani ya kampuni ile badala ya yake. Seva zenu haizijui na haiwezi kumfikisha. VPN ya ofisi inaishia kwenye lango mnalolimiliki ninyi, na nyuma ya lango hilo ndiko seva zilipo. Mkinunua leseni 60 za ile ya kwanza, poti 3389 itabaki wazi vilevile.

Ili uone inalinda nini, tufuate pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data. Mhasibu yuko nyumbani, amefungua laptopu na kubonyeza kitufe cha kuunganisha. Kwanza laptopu na lango hutafuta ufunguo wa pamoja, na hufanya hivyo mbele ya macho ya yeyote anayesikiliza njiani. Mbinu inayotumika inatokana na kazi ya Diffie na Hellman iliyochapishwa mwaka 1976: kila upande una namba yake ya siri isiyotumwa kamwe, wanatumiana namba nyingine hadharani, na mwishowe wote wawili wanaangukia ufunguo uleule ambao msikilizaji hawezi kuukokotoa kwa muda wowote wa maana. Hapohapo lango linajitambulisha, kwa kawaida kwa cheti cha kidijitali, ili laptopu isije ikafanya makubaliano mazuri kabisa na tapeli. Mhasibu naye anathibitisha yeye ni nani. Baada ya hapo laptopu yake inapata anwani ya pili, tuseme 10.8.0.14, inayoishi ndani ya mtandao wa ofisi.

Anabofya faili lililoko kwenye seva yenye anwani 10.20.0.5. Pakiti inaundwa kama vile ameketi ofisini: imetoka 10.8.0.14, inakwenda 10.20.0.5. Anwani zinazoanza na 10 ni za matumizi ya ndani tu, kwenye intaneti hazina njia. Kwa hiyo programu ya VPN inaidaka kabla haijatoka, inaisimba nzima pamoja na anwani zake (yaani inaigeuza isisomeke bila ufunguo), inaambatisha alama ya uhakiki, kisha inaitia ndani ya pakiti nyingine iliyoandikwa juu yake anwani ya intaneti ya lango lenu. Hiyo ya nje ndiyo inayosafiri. Mtoa huduma wa intaneti wa nyumbani kwake anaona kwamba nyumba hii inazungumza na lango lile, saa fulani, kwa kiasi fulani cha data. Zaidi ya hapo haoni. Pakiti ikifika, lango linakagua alama; ikiwa hata biti moja imeguswa njiani, inatupwa. Ikiwa nzima, gamba la nje linavuliwa, ya ndani inasimbuliwa na kupelekwa kwenye seva.

Funguo zenyewe hazidumu. WireGuard, mojawapo ya aina za VPN, hupatana ufunguo mpya kila baada ya dakika mbili hivi wakati data inapita. Maana yake ni kwamba mtu akirekodi mawasiliano yenu yote leo, halafu mwakani akaiba ufunguo wa kudumu ulio ndani ya laptopu, ile rekodi haitamfungukia.

Ukiangalia mlolongo huo utaona seva ya hesabu haijui kwamba mhasibu yuko mbali. Inamwona kama mtu wa ndani. Hilo ndilo zuri la VPN, na baya lake liko palepale: yeyote atakayefanikiwa kupita langoni, seva itampokea kwa heshima ileile.

Kuhusu aina za VPN sitakuchosha. PPTP ikutoke akilini. Njia yake ya kuthibitisha watumiaji ilivunjwa hadharani mwaka 2012, na ukiikuta imewashwa kwenye ruta ya zamani, izime. IPsec pamoja na IKEv2 imo tayari ndani ya Windows, Mac na simu nyingi, ila inategemea poti za UDP 500 na 4500 ambazo mitandao ya wageni, hasa ya hoteli, wakati mwingine huzifunga. OpenVPN, iliyoanzishwa na James Yonan mwaka 2001, ina umri na imekaguliwa sana. Ikibanwa inaweza kupita kwenye TCP 443, poti ileile ya tovuti salama, ingawa hapo kasi hushuka, maana TCP ni njia inayorudia kutuma kilichopotea, na TCP ndani ya TCP husababisha zote mbili kurudia kutuma mtandao unapoyumba. WireGuard ya Jason Donenfeld iliingizwa kwenye kiini cha Linux toleo 5.6, Machi 2020. Ina mistari ya programu kama 4,000 tu, kwa hiyo mkaguzi mmoja anaweza kuisoma yote, na haijibu neno kwa asiye na ufunguo unaotambulika, hivyo wale wagongaji wa intaneti hupita bila kujua kuna kitu. Kasoro yake kwa taasisi ni kwamba inatambua funguo, haitambui watu. Haina jina la mtumiaji wala hatua ya pili ya uthibitisho (kitu kingine cha kuthibitisha zaidi ya nywila) mpaka uiwekee mfumo wa usimamizi juu yake.

Kwa watu 60 ningechukua ile ambayo kifaa chenu cha ngome (firewall) kinaiauni vizuri na fundi wenu anaimudu. Mafundi wanaweza kubishania mbinu za usimbaji za AES na ChaCha20 kama mashabiki wa timu mbili za mtaa mmoja, na ubishi huo hautawaokoa na lolote. Wavamizi hawakai kuvunja usimbaji. Wanapita mlangoni.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta la Marekani, Mei 2021. Wavamizi waliingia kwa akaunti ya VPN ya zamani, isiyotumika tena lakini haikuwa imefutwa, iliyolindwa kwa nywila peke yake. Bomba lilisimama kwa siku kadhaa, vituo vya mafuta vikakauka, na kampuni ikawalipa wavamizi kikombozi cha bitcoin 75, kama dola milioni 4.4 kwa thamani ya siku hizo. VPN yao haikuharibika. Usimbaji ulifanya kazi yake barabara, ukawasafirishia wezi data yao salama salimini.

Kwa hiyo hatua ya pili ya uthibitisho si ya hiari. Msiwashe VPN siku ya kwanza bila hiyo mkidhani mtaiongeza baadaye. Baadaye huwa haifiki. Ila nayo ina daraja zake. Namba inayotumwa kwa ujumbe wa simu ni bora kuliko kukosa, lakini laini ya simu inaweza kuhamishwa kwa hila. Programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30 ni nzuri zaidi. Ile ya kubonyeza tu "kubali" kwenye simu ina udhaifu wa kibinadamu: Septemba 2022 mvamizi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi wa Uber aliendelea kutuma maombi ya kuingia mpaka mkandarasi akakubali moja. Kama mnatumia ya aina hiyo, chagueni inayomlazimu mtu kuandika namba anayoiona kwenye skrini ya kompyuta. Na kwa wachache wenye mamlaka makubwa, yaani wasimamizi wa mifumo na wanaoidhinisha malipo, nunueni funguo za USB za kiwango cha FIDO2. Hizo hukagua zenyewe anwani ya tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia hauambulii kitu hata mtumiaji akidanganyika.

Akaunti ya mtu anayeondoka izimwe siku hiyohiyo anayokabidhi ofisi. Kwa vitendo hili huwezekana tu kama VPN inasoma majina kutoka kwenye orodha moja ya watumishi, ileile ya barua pepe na kompyuta. Ikiwa na orodha yake ya pembeni, itasahauliwa. Mafundi wa nje wanaohudumia mfumo wa hesabu wapewe akaunti zinazolala, ziamshwe wanapoitwa na kulazwa wakimaliza. Akaunti moja inayotumiwa na mafundi wote wa kampuni fulani ni akaunti isiyo na mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: lango lenyewe ni kompyuta, limeelekezwa kwenye intaneti makusudi, na lina mianya yake. Aprili 2019 Pulse Secure ilitoa kiraka cha udhaifu uliomwezesha mtu asiye na akaunti kusoma mafaili ya ndani ya lango, na humo kulikuwa na majina na nywila za watumiaji. Mwaka mmoja baadaye CISA, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, lilitoa tahadhari kwamba kuna taasisi zilizoweka kiraka lakini bado zinavamiwa, kwa sababu nywila zilishachukuliwa kabla na hazikubadilishwa. Bidhaa hizo baadaye zikawa za Ivanti, na mwishoni mwa Januari 2024, baada ya mianya mingine kuanza kutumiwa na wavamizi, CISA ililiamuru kila shirika la serikali kuu ya Marekani linalozitumia kuzichomoa kwenye mtandao ndani ya saa 48. Si wao tu; watengenezaji wakubwa wa malango haya karibu wote wamepitia msukosuko wa aina hiyo.

Hapo ndipo ningemwuliza mkurugenzi swali la bajeti. Kiraka cha dharura kikitoka Ijumaa jioni, nani atakiweka, na ana ruhusa ya kuikata VPN kwa nusu saa bila kusubiri kikao? Kama jibu halipo, tafuteni huduma ambayo lango linasimamiwa na mtoa huduma. Na kifaa cha mitumba ambacho mtengenezaji ameacha kukihudumia msikiguse hata mkipewa bure.

Kuhusu mtu akishaingia, mazoea mabaya ni kumpa mtandao mzima. Lango lina uwezo wa kuweka kanuni kwa makundi, litumieni. Kundi la uhasibu lifike kwenye seva ya hesabu, kwa poti ya mfumo wa hesabu, basi. Afisa wa mawasiliano hana sababu ya kuiona seva hiyo, na hakuna sababu ya laptopu ya mtumishi mmoja aliye nje kuongea na laptopu ya mwingine. Kanuni hizi zinachosha kuziandika, wiki ya kwanza mtapigiwa simu nyingi, lakini ndizo zitakazoamua kama uvamizi wa laptopu moja unabaki wa laptopu moja au unageuka kuwa msiba wa taasisi.

Na laptopu ipi? Kompyuta ya nyumbani ambayo watoto huishushia michezo ikiunganishwa, chochote kilichomo ndani yake nacho kimeunganishwa. VPN haichuji, inabeba. Ningeruhusu laptopu za ofisi pekee, kila moja ikiwa na cheti chake, ili hata mtu akiiba jina, nywila na namba ya simu, kwenye mashine yake agonge mwamba. Kama hamna laptopu za kutosha, wenye kompyuta zao wapewe RDP ndani ya VPN tu, bila kunakili faili kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Utaulizwa pia: data yote ya mtumishi ipite ofisini, au ile ya seva tu? Ikipita yote, mnaona na kuchuja kila kitu, lakini kila mkutano wa video wa mtu aliye nje unaingia kwa laini ya ofisi na kutoka kwa laini hiyohiyo. Watu 20 wakiwa mkutanoni, laini itapiga magoti. Kwa ukubwa wenu ningepitisha ya seva pekee, na kuiacha ile ya kupitisha yote kwa wanaosafiri sana na kutegemea Wi-Fi za watu. Wahusika hao wajue jambo moja: Mei 2024 watafiti walionyesha mbinu waliyoiita TunnelVision, ambapo mwenye kumiliki mtandao wa hapo ulipo anaielekeza kompyuta yako, kwa kutumia huduma ileile inayoipa anwani, ipitishe data nje ya VPN huku programu ikiendelea kuonyesha kwamba umeunganishwa. Dawa ni kanuni ya ngome ndani ya laptopu inayozuia data kutoka kwa njia nyingine isipokuwa VPN. Simu za Android hazikuathirika kwa sababu hazisikilizi maelekezo hayo.

Sasa vitu viwili vya kiufundi vitakavyowapotezea wiki nzima msipovijua mapema. Katika mfano wangu nimeiweka seva kwenye 10.20 makusudi. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikigawa anwani za 192.168.0 au 192.168.1, na ofisi nyingi zilianza na ruta kama hizo na hazikubadilisha. Seva yenu ikiwa 192.168.1.10 na mtumishi nyumbani kwake ana mtandao wa 192.168.1, laptopu itaitafuta seva sebuleni kwake. VPN itaonyesha imeunganishwa, na hakuna kitakachofunguka. Kwa mwenzake itafanya kazi bila shida, na wote wawili watadhani fundi hajui kazi. Hamisheni anwani za ofisi kabla ya kugawa VPN, mchague fungu lisilo la kawaida kati ya anwani zinazoanza na 10.

La pili ni ukubwa wa pakiti. Mtandao wa kawaida hubeba pakiti ya baiti 1,500, na lile gamba la nje linakula sehemu yake. Ndiyo maana WireGuard kwa kawaida huanza na 1,420. Mtandao wa mtumishi ukiwa na kikomo kidogo zaidi, dalili ni za ajabu: anaunganika, anaingia kwenye mfumo, kurasa ndogo zinafunguka, lakini faili kubwa linaganda katikati na halimaliziki. Fundi ashushe ukubwa huo hadi 1,280 ajaribu tena kabla hajalaumu laini.

Kumbukumbu za lango, yaani orodha ya nani aliingia na lini, zisomwe. Mtumishi aliyeunganika saa tisa usiku, au akaunti moja iliyo hewani kutoka nchi mbili kwa wakati mmoja, ni mambo yanayoonekana kwa mtu anayetazama tu. Wekeni tahadhari itakayotuma ujumbe kwa fundi, kwa sababu hakuna anayefungua kumbukumbu kwa hiari yake.

Umeuliza kama mtakuwa mmemaliza. Hapana, na fundi wenu huenda tayari amekutajia mfumo usioamini mtu kwa sababu tu yuko ndani ya mtandao. Google ilianza kuelekea huko baada ya kuvamiwa mwaka 2009, na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwongozo wake Agosti 2020. Huko kila programu inamhoji mtumiaji na kifaa chake kila anapoifikia, badala ya kumhoji mara moja langoni. Ni wazo zuri, na kanuni za makundi nilizozitaja ni hatua ya kwanza kuliendea. Lakini mfumo wa hesabu wa kwenye seva ya ofisi mara nyingi hauna uwezo wa kufanya mahojiano hayo wenyewe, kwa hiyo kwa sasa VPN ndiyo inayowafaa. Mkija kuuhamishia kwenye huduma ya wingu yenye uthibitisho wake wa hatua mbili, kundi la uhasibu liondolewe kwenye VPN wiki hiyohiyo; lango likiwa na watu wachache, hata siku likidukuliwa kuna kichache cha kuchukua.